Mimba ya pili nikiwa mama wa GBS: yaliyonifika Unguja na niliyoyapanga Pemba

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akilia kwa nguvu. Akawekwa kifuani, akanyonya, na mashangazi wakaanza kupigiana simu za hongera. Nilijifungua baada ya sala ya Alfajiri. Ilipoadhiniwa Magharibi mwanangu alikuwa kwenye oksijeni, mkononi ana kanula, kile kipira cha kupitishia dawa mshipani, na daktari ananieleza habari za bakteria ambaye sikuwahi kumsikia maisha yangu yote.

Mimba ya pili niliibeba nikimjua bakteria huyo kwa jina: GBS. Nayaandika haya kwa mama ambaye yamemfika kama yaliyonifika na sasa ana mimba nyingine, na kwa yule aliyetajiwa GBS kliniki akarudi nyumbani na hofu tupu. Dawa ipo, ni ya zamani na si ghali. Kazi ni kuhakikisha inaingia mshipani kwa wakati wake, na kwa hali zetu kazi hiyo huwezi kumwachia mtu mmoja wa zamu. Ibebe wewe na watu wako wa nyumbani.

GBS ni kifupisho wanachotumia hospitalini. Jina lake ni streptokoka wa kundi B. Huishi kwenye utumbo, na kwa wanawake wengi husogea mpaka ukeni. Hawashi, haleti uchafu, hana harufu, na mama mwenyewe hajui kama anaye. Watafiti waliowapima wajawazito Kilifi, pwani ya Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2016, walimkuta kwa kiasi cha wanawake 12 katika kila 100. Utafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2009 ulipata 23 katika 100. Basi kwenye benchi lolote la kliniki, hawakosi mmoja au wawili walio naye. Watoto wao wengi huzaliwa wazima na hubaki wazima. Mama mwenye bakteria asipopewa dawa wakati wa uchungu, ni mtoto 1 au 2 katika 100 wanaougua. Lakini anayeugua huugua kwa haraka, mara nyingi siku ile ile ya kwanza, na bakteria huingia kwenye damu, kwenye mapafu, au kwenye utando wa ubongo.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Unguja mjini, mume wangu alikuwa na kazi huko. Chupa ilipasuka asubuhi na uchungu haukuja. Wakubwa wetu husema maji yakitangulia uchungu utafuata, ya nini mtu kwenda kulala hospitali bure? Nikapikiwa uji, nikakaa. Nilifika hospitali usiku wa manane, na nikiwa leba joto likaanza kunipanda. Aliyenipokea aliniuliza mimba ya ngapi na uchungu umeanza lini. Chupa ilipasuka saa ngapi, hakuniuliza.

Sasa najua kwamba mambo mawili makubwa yalikuwa yamekwisha kukutana pale. La kwanza, chupa kukaa imepasuka kwa saa 18 au zaidi kabla mtoto hajatoka. La pili, mama kupata homa ya digrii 38 na kuendelea akiwa katika uchungu. Liko na la tatu, mtoto kuja kabla ya kutimia wiki 37. Lolote katika hayo linatosha mama kupewa antibaiotiki za mshipa, hata kama hajawahi kupimwa GBS. Mimi nilikuwa nayo mawili na sikupewa kitu.

Mwanangu aliokolewa na sikio la muuguzi mmoja. Alikuwa anamhudumia mama wa kitanda cha pili. Mtoto wangu kila akitoa pumzi alikuwa akitoa na sauti ndogo, "mh... mh... mh", na sisi tukasema anajinyoosha, anatafuta usingizi. Yule muuguzi akageuka akauliza, "Huyu anaguna tangu lini?" Akamfunua kanga, akatazama kifua. Chini ya mbavu nyama ilikuwa inadidimia kila anapovuta pumzi, na matundu ya pua yanatanuka. Akashika saa yake, akahesabu dakika nzima bila ya kusema neno. Pumzi 78. Mtoto mchanga aliyetulia hafai kufika 60. Nikamgusa miguu, ya baridi. Na tangu adhuhuri ziwa alikuwa analishika na kuliacha, sisi tukidhani ameshiba.

Sauti ile ya kuguna naomba kila mama aijue. Hailingani na kilio wala na kukoroma. Hutoka wakati wa kutoa pumzi, hurudi kila pumzi, na mtoto anakuwa kama mtu anayejikaza.

Akaanzishiwa antibaiotiki, ampisilini na jentamisini, usiku ule ule, baada ya kuchukuliwa damu ya kuotesha maabara ili ionekane kama ina bakteria na ni nani. Kisha daktari akataka maji ya uti wa mgongo, na hapo nyumba nzima ikakataa. Mama mkwe alisema wazi kuwa mtoto akidungwa mgongo hatembei tena. Mume wangu akanyamaza. Daktari akavuta kiti, akakaa na mama mkwe, akamwamkia kwa adabu, akamweleza: sindano inaingia chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kufika mwisho wake, na kinachotafutwa ni kujua kama bakteria ameingia kwenye utando wa ubongo. Akiwa ameingia, dawa lazima ziendelee wiki mbili au zaidi. Akiwa hajaingia, muda ni mfupi zaidi. "Mama, nisipojua nitamtibu mjukuu wako kwa kubahatisha." Mama mkwe akasema, "Basi mwanangu, sema bismillahi ufanye." Maji yakatoka meupe, safi. Sindano zikaendelea mpaka siku ya kumi, na leo mtoto yuko skuli ya maandalizi na anasikia vizuri, anasema sana.

Damu ndiyo iliyoota GBS. Siku ya kuruhusiwa tulipewa kadi imeandikwa "maambukizi ya damu" basi, bila ya jina la bakteria. Mume wangu alikwenda mwenyewe kuomba karatasi ya maabara, akaruhusiwa kuipiga picha kwa simu. Nikajitumia picha ile na kumtumia dada yangu pia, maana simu huharibika. Mtoto wako akilazwa kwa maambukizi, usitoke hospitali bila ya kujua bakteria aliyeota ni nani, kwa maandishi. Kwa mimba zako zote zinazofuata, jina hilo ndilo litakaloamua utakavyohudumiwa.

Kuna jambo jingine lililoniumiza zaidi ya wodi. Maneno yalitoka, sijui kwa nani, kwamba mtoto kapata maradhi ya zinaa kutoka kwa mama yake. Mume wangu hakuniuliza kwa ubaya, lakini aliniuliza: "Hivi huyu mdudu umempata wapi?" Nililia siku ile kuliko siku mtoto alipowekwa oksijeni. Nikamtaka aje nami kwa daktari, na daktari akamwambia mbele yangu kwamba huyu ni bakteria wa utumboni, huja na kuondoka mwenyewe, mtu anaweza kuwa naye mwezi huu na mwezi ujao asiwe naye, na hahesabiwi katika maradhi ya zinaa. Mume hahitaji kutibiwa. Alipotoka pale aliniomba radhi. Mama yeyote atakayekutana na hili, naomba mpeleke mumeo akasikie kwa daktari mwenyewe. Maneno yangu peke yangu yasingetosha, na sioni aibu kulisema.

Mimba ya pili ilinikuta tumekwisha kurudi kwetu Pemba, Konde. Kliniki niliulizwa maswali ya kadi. "Mtoto wa kwanza yu hai?" Yu hai. "Ulizaa kwa kisu?" La. Akafunua ukurasa wa pili. Hakuna pahala palipoandikwa: mtoto aliugua baada ya kuzaliwa? Ikabidi niseme mwenyewe, "Dada, mwanangu wa kwanza alilazwa siku aliyozaliwa, damu yake iliota GBS," nikamwonyesha picha. Hakuwa amekutana na jambo hilo, na alisema hivyo kwa uaminifu, jambo ambalo namshukuru. Akaniandikia rufaa nikamwone daktari wa wazazi Chake Chake.

Kuna kitu hapa ambacho kilinipotezea pesa na amani. Nilikuwa nimesoma kwamba Marekani kila mjamzito huchukuliwa swabu, yaani hupanguswa kwa kijiti cha pamba kinachopelekwa maabara, akiwa na wiki 36 au 37, na nikaona mimi nikipimwa mapema zaidi ndiyo salama zaidi. Nikiwa na wiki 28 nilivuka kwa boti kwenda Unguja, maabara ya hospitali moja binafsi, nikalipa shilingi 50,000 mbali na nauli. Wakachukua swabu ya ukeni tu. Majibu yakaja: hakuna. Niliporudi nayo, mhudumu mmoja akanipongeza: "Alhamdulillahi, huyo mdudu kaondoka, huhitaji sindano tena." Nami nikafurahi, nikampigia mume wangu simu.

Daktari wa Chake Chake aliisoma karatasi ile, akaikunja, akanirudishia. Akasema mambo matatu, na nimeyashika yote. Kipimo cha wiki 28 hakisemi kitu kuhusu siku ya kujifungua, kwa sababu bakteria huja na kuondoka. Majibu hutegemewa kwa kiasi cha wiki tano tu. Swabu ya ukeni peke yake huwakosa wengi. Inatakiwa ichukuliwe ukeni sehemu ya chini kisha kwenye njia ya haja kubwa, na maabara waambiwe wanatafuta GBS, kwa kuwa huoteshwa kwa namna yake. Na la tatu ndilo lililonikalisha kitako: hata kama vyote hivyo vingefanywa sawasawa na majibu yakawa hakuna, mimi ningepewa dawa tu. Mama ambaye mtoto wake wa nyuma aliugua GBS hapimwi. Hupewa antibaiotiki za mshipa katika kila uchungu unaofuata, moja kwa moja. Vile vile mama ambaye GBS ameota kwenye mkojo wake wakati wowote wa mimba iliyopo.

Kwa hiyo kama uko katika moja ya makundi hayo mawili, pesa ya swabu iweke kwenye nauli. Kipimo cha maana kwangu kilikuwa cha kuotesha mkojo, ambacho daktari alikitaka kwa sababu nyingine: bakteria akionekana mkojoni na mama ana maambukizi ya njia ya mkojo, hutibiwa pale pale, na bado dawa ya leba inabaki pale pale. Mkojo wangu ulikuwa safi.

Na vidonge? Hili naliona sana. Mama akisikia ana bakteria anakwenda duka la dawa, anapewa amoksilini au azuma, anakunywa wiki nzima akiamini amejisafisha. Bakteria hupungua, kisha hurudi kutoka kwenye utumbo, kama majani ya shamba baada ya palizi. Vidonge vya mwezi wa nane havimsaidii mtoto wa mwezi wa tisa. Wala kujiosha kwa dawa, wala kujifukiza, wala kitunguu saumu. Niliambiwa vyote hivyo na watu wanaonipenda. Kinachofanya kazi ni dawa kuwa ndani ya damu ya mama, na kupitia kwake kwa mtoto, wakati mtoto anapita njia. Inapaswa ianze uchungu unapoanza au chupa inapopasuka, na inataka angalau saa 4 kabla ya mtoto kutoka ndiyo ihesabiwe kuwa imekamilika.

Saa 4 hizo ndizo zilizoninyima usingizi. Uchungu wa pili kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa kwanza, nami naishi Konde. Nikasubiri gari usiku, nikafika, nikapokelewa, nikatafutiwa mshipa, mtoto si atakuwa amekwisha kutoka? Mama yangu alitaka nivuke niende nikazalie Unguja kwenye hospitali kubwa. Tulilijadili hilo nyumbani mpaka tukachoka. Daktari alinisaidia kuamua aliposema kwamba ninachohitaji hakitaki hospitali kubwa: nahitaji dawa ya penisilini au ampisilini, mtu wa kuniwekea kanula mara nifikapo, na mahali ambapo mtoto atatazamwa na akibadilika atatibiwa. Hayo Chake Chake yapo. Kilichokuwa mbali ni kitanda changu cha kulala. Basi nilipotimiza wiki 37 nilihamia kwa wifi yangu, Machomane, dakika chache kwa gari kutoka hospitali. Mtoto wa kwanza nilimwacha kwa mama mkwe, na hilo lilikuwa zito. Alikuwa akinipigia kwa simu ya bibi yake kila usiku kuniuliza mdogo wake kesha kuja.

Kama huna ndugu karibu na hospitali, uliza mapema kama wana chumba cha wajawazito wanaosubiri. Na kabla ya lolote, uliza kuhusu mzio. Mimi sina shida na penisilini. Kama wewe uliwahi kuvimba uso, kubanwa na pumzi au kutokwa vipele mwili mzima baada ya sindano, sema miezi kabla, kwa maana kuna dawa mbadala, lakini kuchagua iliyo sahihi kunahitaji daktari akae afikiri, na pengine maabara ijaribu dawa juu ya bakteria mwenyewe. Saa nane za usiku leba si wakati wa kuanza hayo.

Daktari aliniandikia dawa mapema kwa sababu stoo ya wodi mara nyingine huishiwa. Nikanunua vichupa vya ampisilini, maji ya kuyeyushia, sirinji na kanula mbili, vyote havikufika shilingi 20,000, nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki mweupe ndani ya begi la kanga. Juu ya kadi ya kliniki, ukurasa wa mbele, akaandika kwa kalamu nyekundu: mtoto wa kwanza aliugua GBS, apewe ampisilini ya mshipa mara afikapo, gramu 2 mwanzo, kisha gramu 1 kila baada ya saa 4 mpaka ajifungue. Akagonga muhuri. Ninawasihi, muhuri na uwepo. Karatasi yenye muhuri huheshimiwa na zamu ambayo haijawahi kukuona.

Kisha tukafundishana maneno. Mimi, mume wangu na wifi yangu, kila mmoja alijua kusema: "Mtoto wake wa kwanza aliugua GBS, anatakiwa sindano ya antibaiotiki sasa hivi, maandishi ya daktari haya hapa." Wifi alikuwa akiyasema huku anakuna nazi. Uchungu unaweza kukufikia ukashindwa kutamka jina lako, sembuse historia.

Chupa ilipasuka saa tisa usiku, mimba ya wiki 38, bila ya uchungu wowote. Kwa mama mwingine pengine wangengoja kidogo kutazama kama uchungu utakuja wenyewe. Kwa mama wa GBS chupa ikipasuka ni kwenda, na dawa huanza hapo hapo, na uchungu usipokuja huanzishwa mapema. Wifi alitazama saa akaiandika kwenye kadi kabla hata sijabadili kanga. Rangi ya maji pia, meupe.

Leba tulimkuta mkunga mmoja na mama wawili, mmoja tayari anasukuma. Aliniambia, "Kaa hapo dada, nakuja." Nikamwambia lile neno letu, nikampa kadi. Akasoma akiwa amesimama, akasema atanihudumia baada ya huyu. Hakuwa na ubaya, mikono yake ilikuwa miwili. Wifi akasema kwa upole, "Shikamoo mkunga, dawa tunayo, tunaomba kanula tu," akaufungua mfuko mweupe juu ya kitanda. Mkunga akamwita mwenzake wa wodi ya pili. Dozi ya kwanza iliingia saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Mwili ulisisimka, mshipa ukaniwaka kidogo wakati dawa inasukumwa, kisha ukatulia. Nikasema moyoni, Ya Rabbi, sasa nipe saa 4 zile.

Niliomba jambo moja jingine, kwamba wasinipime njia mara kwa mara bila ya haja, kwa kuwa chupa imekwisha kupasuka. Mkunga alikubali. Uchungu ulianza wenyewe kwenye jua la asubuhi. Ilipokaribia saa tatu mkunga wa zamu mpya alikuwa amekwisha kuingia, na hapa ndipo mambo huanguka: zamu zinapobadilishana. Hakuwa na habari ya dozi ya pili. Wifi alikuwa ameandika saa kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akamwonyesha kiganja na kadi. Dozi ya pili ikaingia, na binti yangu akazaliwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Zaidi ya saa 5 baada ya dozi ya kwanza.

Aliwekwa kifuani na kunyonyeshwa saa ile ile. Ziwa halina kizuizi chochote kwa GBS. Mimi nilikuwa natazama kifua chake badala ya uso. Wifi aliniambia baadaye kwamba sikumwangalia mtoto kafanana na nani mpaka jioni.

Mama mkwe alikuja kutoka Konde na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, na habari kwamba mkandaji kesha kuambiwa, maji ya moto yako tayari, turudi nyumbani. "Mwanangu, mtoto mzima huyu, Mungu ashukuriwe. Wewe unahitaji kukandwa." Namheshimu sana, na kukandwa nilikutamani kweli. Lakini hata mama akipata dawa kwa wakati, mtoto hutazamwa kwa siku moja mpaka mbili, na nilikwisha kuona siku moja inavyoweza kugeuka. Nikamwambia, "Mama, unakumbuka Unguja ilikuwa Magharibi." Akanyamaza, akakaa ukingoni mwa kitanda, na yeye ndiye aliyehesabu pumzi za mjukuu wake usiku ule, kwa tasbihi. Arobaini na mbili. Arobaini na tano. Joto lake likapimwa kila baada ya saa chache, akanyonya, akakojoa, akapata choo. Tuliruhusiwa baada ya kulala siku mbili, na mkandaji akanikuta Konde nikiwa na furaha.

Dawa ya leba inazuia ugonjwa wa wiki ya kwanza. Ule unaokuja baadaye, kuanzia wiki ya kwanza kuisha mpaka karibu miezi mitatu, haiuzuii, na wengi hawaambiwi hili. Kwa hiyo arobaini yote na baada yake tulikuwa na kipimajoto ndani. Binti alipokuwa na mwezi hivi alishikwa na mafua, kisha usiku akapanda joto 38.1 na akawa analala hata ziwa hataki. Jirani alisema ni jicho, aandikiwe kombe. Mama mkwe alijibu, "Kombe litaandikwa, lakini hospitali kwanza." Alichukuliwa damu, akaanzishiwa dawa, na majibu hayakuota kitu, yalikuwa mafua. Wapo walionihurumia kwa kumtesa mtoto na sindano. Mimi ningefanya vile vile tena kesho. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la digrii 38, au baridi isiyo ya kawaida, au analegea, au hanyonyi, au anaguna, au anashtuka shtuka kama wa degedege, hangojwi asubuhi.

Wifi yangu wa Machomane sasa ana mimba ya miezi saba, yake ya kwanza. Hali yake si kama yangu: hana mtoto aliyeugua, na mkojo wake haukuota GBS. Daktari amemwambia akitaka kupimwa, swabu ichukuliwe akiwa na wiki 36 au 37, ukeni na njia ya haja kubwa. Na akipima asipopima, chupa ikipasuka aandike saa, asingoje uchungu nyumbani, na afikapo leba aanze na saa hiyo kabla ya kuulizwa.